Madalali wa Nyumba Uingereza, na Kumbadili Dalali Nyumba Isipouzika

Katika familia zetu zilizoko Uingereza hakuna mali kubwa kuliko nyumba. Wazee waliofika baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na wale waliowafuata kutoka Mombasa, Lamu, Dar es Salaam na Uganda, waliteremka hapa na masanduku mawili matatu, wakafanya kazi za usiku viwandani na hospitalini, na walichokidunduliza wakakitia katika matofali. Sasa wengi wao wametangulia mbele ya haki, na wengine wamezeeka hawapandi ngazi. Nyumba zao zinauzwa, aghalabu na warithi waliotawanyika, huyu London, huyu Maskati, yule Toronto. Na nyumba ikikawia kuuzika, maneno huzuka. Mmoja husema dalali ni mvivu. Mwengine husema bei ni kubwa. Wa tatu hudhani ndugu zake wanamficha jambo.

Tumeona yafaa kuandika habari za madalali wa nchi hii: wametokea wapi, sheria inasema nini juu yao, na mtu afanye nini akitaka kumwacha mmoja na kumshika mwengine. Anayeijua historia ya jambo hatishwi na karatasi zake.

DALALI WA KWETU NA DALALI WA HUKU

Neno dalali tunalo pwani tangu zamani, nalo asili yake ni Kiarabu. Dalali wa kwetu ni mtu ajulikanaye mtaani. Hukaa barazani, hujua nani anataka kuuza na nani ana fedha, akawakutanisha. Huna karatasi naye. Ukiona kazi yake haiendi unamwambia mwengine, na pengine wawili au watatu wanaitangaza nyumba moja kwa pamoja. Atakayemleta mnunuzi ndiye apataye udalali wake.

Wazee wetu walikuja na mazoea hayo, na hapo ndipo wengi walipojikwaa. Dalali wa Uingereza hasimamii juu ya kujuana, husimamia juu ya mkataba. Ukishatia sahihi, haki yake ya ujira inategemea maneno yaliyoandikwa mle, wala haitegemei jasho alilolitoa. Aweza kukaa miezi minne bila ya kumleta mtu, na bado mkataba ukamfunga mwenye nyumba asiende kwengine.

TANGU MNADA HATA MWAKA 1970

Katika karne ya 18 na ya 19 kazi ya kuuza nyumba katika miji ya Uingereza haikuwa kazi ya peke yake. Aliyeifanya aghalabu alikuwa pia mnadi, au fundi wa samani, au hata mtengenezaji wa mazishi. Wapima ardhi waliunda chama chao London mwaka 1868, nacho kikapata hati ya kifalme mwaka 1881. Wakati huo watu wengi walikaa nyumba za kupanga. Hata mwaka 1918, katika England na Wales, nyumba zilizokaliwa na wenyewe zilikuwa kama 23 katika kila 100. Mwaka 1971 zilifika nusu. Kuongezeka huko ndiko kulikozaa ofisi za madalali tunazoziona katika kila barabara kuu, na vioo vyake vilivyojaa picha.

Kwa miaka mingi ujira haukuwa jambo la kujadiliana. Vyama vya madalali vilikuwa na viwango vyao, na mwanachama aliyetoza chini yake alionekana amevunja adabu. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyemwacha dalali mmoja na kumwendea wa pili alikuta bei ile ile. Tume ya Ukiritimba ilitoa ripoti yake mwaka 1969 ikayakosoa mapatano hayo, na mwaka 1970 ikatolewa amri ya kuyakataza. Tangu hapo muuzaji ana haki ya kuuliza, "Wewe watoza asilimia ngapi?" na kuondoka asiporidhika. Wengi wetu hata leo hatuulizi, kwa haya.

WAZEE WETU SOKONI

Wazee walipoanza kununua, mlango haukuwa wazi. Sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi, ya mwaka 1965, haikukataza ubaguzi katika kuuza nyumba. Mwenye nyumba aliweza kumwambia dalali wake asimlete mtu mweusi, na dalali akatii bila ya kuvunja sheria. Ilikuwa sheria ya mwaka 1968 iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, na ile ya mwaka 1976 ikaitilia nguvu. Hata hivyo mambo hayakwisha siku moja. Mwaka 1990 Tume ya Usawa wa Rangi ilitoa ripoti juu ya ofisi moja ya madalali katika mji wa Oldham iliyowabagua wateja wake kwa rangi.

Na fedha nazo zilikuwa na mkono wake. Katika miaka ya 1970 vyama vingi vya kukopesha fedha za nyumba havikupenda kukopesha kwa nyumba kuukuu za mistari zilizo karibu na kati ya mji, na hizo ndizo walizozimudu wazee wetu. Waliponunua walichangishana kindugu, au walikopa kwa halmashauri ya mji. Walipotaka kuuza walikuta kizuizi kile kile kwa upande wa pili: mnunuzi yupo na nyumba ameipenda, lakini hapati mkopo. Nyumba ikakaa mwaka, na lawama akabebeshwa dalali.

Kisha tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala wa Oman, na milango ya nchi ile ikafunguliwa kwa wenye asili yake. Familia kadhaa ziliondoka Uingereza katika miaka iliyofuata, na baadhi yao waliondoka kabla ya nyumba zao kuuzwa. Mtu yuko Maskati, nyumba iko Portsmouth, na baina yao ni barua za ndege. Majira ya baridi huingia nyumba haina moto, mabomba ya maji yakaganda na kupasuka. Bima ikitazamwa, mna sharti kwamba nyumba isikae tupu kupita siku 30 au 60. Nyumba isiyouzika basi haikai bure, inakula.

MSUKOSUKO WA MIAKA YA 1988 HATA 1995

Waliokuwapo wakati huo hawatausahau. Mwezi wa Machi 1988 Waziri wa Fedha, Nigel Lawson, alitangaza kwamba nafuu ya kodi ambayo watu wawili au zaidi waliweza kila mmoja kuipata kwa mkopo wa nyumba moja itasita mwezi wa Agosti. Watu wakakimbilia kununua kabla ya siku hiyo, na bei zikaruka. Riba ya Benki Kuu, iliyokuwa asilimia 7.5 mwezi wa Mei 1988, ilipanda hata asilimia 15 mwezi wa Oktoba 1989. Bei ya wastani ya nyumba, kwa hesabu za Nationwide, ilishuka kutoka karibu £62,000 mwaka 1989 hata karibu £50,000 mwanzoni mwa mwaka 1993, na haikurudi pale ilipokuwa mpaka mwaka 1998. Katika mwaka 1991 peke yake nyumba zaidi ya 75,000 zilichukuliwa na wakopeshaji.

Wakati huo huo madalali wenyewe walikuwa katika msukosuko. Katika miaka ya 1980 mabenki, makampuni ya bima na vyama vya kukopesha vilinunua ofisi za madalali kwa mamia, vikitaraji kwamba atakayeingia kununua nyumba atatoka na mkopo na bima. Soko lilipoanguka, hasara ikawa kubwa. Kampuni ya bima ya Prudential ilijitoa ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 300. Nationwide iliuza ofisi zake zote mwaka 1994 kwa pauni moja.

Muuzaji wa kawaida aliona nini? Aliona kibao cha jina moja kimeng'olewa mlangoni kwake na cha jina jipya kimetiwa, na yule kijana aliyeijua nyumba yake keshaachishwa kazi. Wengi walibadili madalali mara mbili na tatu, na nyumba haikuuzika, kwa sababu ugonjwa haukuwa wa dalali. Wanunuzi hawakuwapo, au walikuwapo lakini wameshindwa kuuza zao. Waliouza ni wale waliokubali mapema kwamba bei ya mwaka 1988 imekwenda zake. Jambo kama hilo lilirudi baina ya mwaka 2007 na 2009, bei zilipoanguka karibu sehemu moja ya tano.

SHERIA ILIVYOMSOGELEA MUUZAJI

Sheria ya madalali ilipitishwa na Bunge mwaka 1979 ikaanza kutumika mwaka 1982. Inamlazimisha dalali amweleze muuzaji, kabla ya kufunga mkataba, atatoza nini na ni lini ujira utakuwa haki yake. Kanuni za mwaka 1991 zikaeleza maana ya maneno matatu yanayotokea katika mikataba, nayo kila familia iyajue.

La kwanza ni uwakala wa pekee. Hapo dalali ni mmoja tu kwa muda maalumu. Lakini ukimuuzia binamu yako mwenyewe, pasipo mkono wa dalali, humlipi.

La pili ni haki ya pekee ya kuuza. Hili lafanana na la kwanza kwa sura, lakini lina makali zaidi. Katika muda wa mkataba, nyumba ikiuzwa na yeyote, hata kama umemuuzia binamu yako katika karamu ya harusi, dalali ana ujira wake. Kwa watu kama sisi, ambao nyumba nyingi huhama kutoka ndugu kwa ndugu, neno hili ni la kuliogopa.

La tatu ni mnunuzi aliye tayari, mwenye nia na mwenye uwezo. Likiwamo katika mkataba, dalali aweza kudai ujira kwa kumleta tu mtu wa namna hiyo, ijapokuwa mwishowe umeghairi kuuza. Lisipokuwamo, na mkataba ukasema ujira ni kwa kuuzwa nyumba, mwenye mali yu huru kughairi. Hayo yalithibitishwa na Mabwana wa Sheria katika shauri la majumba ya sinema ya Eastbourne, lililoripotiwa mwaka 1941, ambamo dalali alidai £10,000 akakosa.

Wala mtu asidhani kwamba palipokosekana karatasi hapana deni. Mwaka 2019 Mahakama Kuu Kabisa ilihukumu shauri la mtu aliyekuwa akiuza vyumba Hackney, ambaye maneno yake na dalali yalikuwa ya simu tu. Mahakama ilisema mkataba upo na ujira ni haki, illa ukapunguzwa theluthi kwa sababu dalali hakutoa maandishi kwa wakati. Neno la simu, basi, hufunga.

KUMBADILI DALALI

Sasa tufike kwenye kiini. Hatari kubwa ya kubadili dalali ni kulipa mara mbili. Tuchukue mfano wa nyumba ya £250,000 na ujira wa asilimia moja na nusu. Ujira ni £3,750, na kodi ya VAT ya asilimia 20 huongeza £750, jumla £4,500. Wakidai wawili ni £9,000, nazo hutoka katika mafungu ya warithi.

Hutokea hivi. Dalali wa kwanza alimleta mtu akaitazama nyumba, akaondoka kimya. Mkataba ukavunjwa, akaja dalali wa pili. Mtu yule yule akarudi kwa mlango wa pili, akanunua. Wa kwanza husema, "Huyo ni wangu." Katika mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilisikiliza shauri la sura hiyo hasa, ikaamua kwamba haitoshi dalali awe amemwonesha mtu nyumba, kwa mkataba ule ilipasa awe amemwingiza katika kununua. Wa kwanza akakosa. Lakini mahakama ilifasiri maneno ya mkataba ule, na mkataba wako waweza kusema vingine. Kanuni za Ombudsman wa mali za nyumba nazo zimeweka mipaka: mnunuzi aliyeletwa na dalali wa kwanza akinunua ndani ya miezi 6 baada ya uwakala kwisha, dalali huyo aweza kudai, na kama hapana dalali mwengine aliyeingia, muda huo ni miaka 2.

Twaijua familia moja ya jamaa zetu ambayo kaka mkubwa alikwenda kwa mdomo kumwambia dalali, "Basi, yatosha," na siku ya pili dada yao akatia sahihi kwa dalali mwengine. Hapakuandikwa barua, na muda wa mkataba wa kwanza ulikuwa haujesha. Nyumba iliuzwa vizuri, lakini madai mawili yalifika pamoja. Wakili aliwashauri wapatane, wakampa wa kwanza nusu ya alichodai. Fedha hazikuwaumiza kama maneno waliyoambiana wao kwa wao, ambayo yalichukua muda mrefu zaidi kulipwa.

Kwa hiyo anayetaka kubadili na afuate utaratibu. Kwanza asome mkataba, atazame muda wa uwakala unakwisha lini na taarifa ni ya siku ngapi. Wiki mbili ni jambo la kawaida, lakini wengine hutaka zaidi, na baadhi ya mikataba huendelea yenyewe mpaka utoe taarifa. Pili aandike barua ya kuvunja, yenye tarehe, na abaki na nakala. Kama warithi ni wengi, wakubaliane kwanza na ajulikane mmoja anayesema kwa niaba yao. Tatu amtake dalali anayeondoka ampe orodha ya majina ya watu aliowaleta. Orodha hiyo ampe dalali mpya, na makubaliano juu ya watu hao yaandikwe. Nne, asitie sahihi kwa wa pili mpaka siku ya wa kwanza ipite.

Aliyetia sahihi nyumbani kwake, dalali akiwa amekuja kuitazama nyumba, kwa kanuni zilizoanza mwezi wa Juni 2014 ana siku 14 za kughairi. Na akidhulumiwa anapo pa kushitaki: utaratibu wa Ombudsman ulianza mwaka 1990 kwa hiari, na tangu Oktoba 2008 kila dalali anayeuza nyumba za makazi lazima awe ndani ya chombo cha usuluhishi kilichoidhinishwa. Mlango huo hauhitaji wakili wala malipo.

JE, NI DALALI AU NI BEI?

Zamani, kubadili dalali kulikuwa na maana kubwa kuliko leo. Kila ofisi ilikuwa na kioo chake na daftari lake la wanunuzi, na gazeti lake la kutangazia. Ukihama ofisi umehamia kwa watu wapya. Mwaka 2000 makampuni makubwa ya madalali yalianzisha Rightmove, na baadaye wakatokea wengine, na sasa nyumba karibu zote hutazamwa katika intaneti mahali pamoja. Mnunuzi aliyeiona nyumba yako kwa jina la dalali wa kwanza ataiona tena kwa jina la wa pili, na ataitambua kwa mlango wake. Bei ikiwa ile ile na picha zile zile, hakuna kilichobadilika ila kibao.

Kabla ya kuhama hesabu waliokuja. Ikiwa hawaji kabisa, tatizo ni bei au matangazo: picha za giza, maelezo mafupi, simu zisizojibiwa. Ikiwa wanakuja na hawatoi bei, basi nyumba inawaambia jambo wakishaingia, nalo dalali hawezi kulificha. Na ikiwa wanatoa bei lakini biashara inavunjika, tazama kwa mawakili; kwani hapa England neno la mnunuzi halimfungi mpaka mikataba ibadilishwe, na kucheleweshwa kwa hati kumepoteza wanunuzi wengi. Kwa nyumba ya marehemu, idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi ipatikane mapema. Ikiwa tupu, kodi ya halmashauri haitozwi mpaka idhini itoke na miezi 6 baada yake, maadam ingali ni ya mirathi. Muda huo usipotezwe kwa mabishano.

Jihadharini pia na dalali anayeahidi bei kubwa kuliko wenzake wote. Ni mbinu ya zamani: humfurahisha mwenye nyumba, akamfunga kwa mkataba wa wiki nyingi, kisha akaanza kumshusha kidogo kidogo. Waiteni watatu, na kila mmoja aoneshe nyumba jirani zilizouzwa kweli na kwa bei gani. Habari hizo hutolewa kwa watu wote na Ofisi ya Usajili wa Ardhi, nazo hazina upendeleo.

Ni vigumu kwa mtoto kuambiwa kwamba nyumba aliyolelewa ina thamani ndogo kuliko aliyoifikiria. Yeye huona pale jikoni mama akikaanga sambusa za Ramadhani, na mnunuzi huona jiko la kubadilishwa. Wote wawili wasema kweli, lakini anayelipa ni mmoja. Wazee walinunua nyumba hizi ili watoto wao wasihangaike, hawakuzinunua ili ndugu wafarikiane kwa ajili yake. Basi na muuze kwa mashauri, muandikiane mnapokubaliana, na dalali akiwa hafai aachwe kwa barua na kwa heshima. Kheri iwe nanyi nyote.